Thurea za kale za Kifaransa: kutafuta ubovu na kuurekebisha

Katika thurea ya kale ya Kifaransa (wauzaji wengi siku hizi huiita shandelia), kristali yenyewe huugua kwa nadra. Kinachochakaa ni vile vinavyoishika: pini za shaba, plasta iliyojazwa kwenye maungio ya matawi, vipande vya ngozi kati ya kioo na chuma, nyaya zilizopitishwa wakati mishumaa ilipoondolewa. Zaidi ya vyote hivyo, kinachoharibu ni usafishaji wa pupa. Ukiona kasoro kwenye tone la kristali (pambo linaloning'inia), mkague kwanza jirani yake.

Kabla ya kugusa chochote

Kata umeme kwenye sakiti breka, si kwenye swichi ya ukutani peke yake, kisha hakikisha kwa testa. Piga picha kutoka pande nne, na moja ukiwa umelala chini yake. Tandika godoro au blanketi nene sakafuni. Na usiizungushe thurea ili uufikie upande wa pili: nyingi zimefungwa juu kwa skrubu, na kila unapoizungusha unaifungua kidogo kidogo mpaka siku ishuke yenyewe. Hamisha ngazi.

Halafu ujue una kioo cha aina gani, maana dawa ya kimoja huweza kukiua kingine. Waingereza walitangulia: George Ravenscroft alipata hataza ya kioo chake cha kristali mwaka 1674, na vyombo vyake vya mwanzo vilipata ukungu na nyufa nyembamba hadi alipoongeza risasi kwenye mchanganyiko. Ufaransa ilichukua karne nzima kufika hapo. Kiwanda cha Saint-Louis, huko Lorraine, kilifanikiwa kutoa kristali ya risasi mwaka 1781. Baccarat, kilichoanzishwa 1764 kama kiwanda cha kioo cha kawaida, kiliwasha tanuri lake la kwanza la kristali mwaka 1816. Kwa hiyo thurea inayodaiwa kuwa ya katikati ya karne ya 18, ikiwa ina matone ya kristali ya risasi ya Kifaransa, basi ama si ya umri huo au matone yake yamebadilishwa. Za enzi ile zilivikwa kristali ya mwamba (jiwe la asili linaloangaza kama kioo), au kioo cha magadi na majivu ya mimea.

Usipoteze muda kutafuta alama ya kiwanda. Baccarat ilianza kuweka alama ya kuchongwa kwa asidi kwa utaratibu mwaka 1936, hivyo tone la zamani lisilo na alama ni jambo la kawaida kabisa.

Kipimo cha kuaminika ni msongamano. Chukua mzani wa sonara unaosoma hadi gramu 0.1 (wa jikoni hautoshi). Pima tone likiwa kavu na bila pini. Weka glasi ya maji juu ya mzani, rudisha mzani kwenye sifuri, kisha lizamishe tone likiwa limening'inia kwa uzi, lisiguse chini wala ubavuni. Namba inayoonekana ni ujazo wa tone kwa mililita. Tone la gramu 62.0 likisoma 20.2 ndani ya maji, gawanya: 3.07. Hiyo ni kristali kamili ya risasi. Sheria ya Ulaya ya 1969 inataka angalau 3.0 kwa ile yenye oksidi ya risasi asilimia 30, na 2.9 kwa ile ya asilimia 24. Kati ya 2.4 na 2.6 ni kioo cha kawaida. Ukipata 2.65, na tone ni la baridi mkononi, lina utando kama wingu ndani lakini halina hata kiputo kimoja cha duara, simama. Hiyo ni kristali ya mwamba, na bei yake haifanani na nyingine.

Pima matone kadhaa kutoka safu mbalimbali. Thurea yenye 3.1 juu na 2.5 chini imeshapita kwa mafundi.

Kioo kimefifia, hakimeremeti hata baada ya kufutwa

Hapa ndipo watu huharibu zaidi, kwa sababu vyanzo vinne tofauti hufanana kwa macho. Vua tone moja, uliloweshe kwa maji safi, ulitazame.

Likiwa na ukungu vilevile likiwa bichi, na pamba ikitoka na rangi ya kahawia au kijivu, huo ni moshi wa mishumaa, sigara na mafuta ya jikoni vilivyoshikana na vumbi. Tengeneza mchanganyiko wa sehemu moja ya alkoholi ya isopropili kwa sehemu tatu za maji yaliyokenekwa. Maji hayo utayapata kituo cha mafuta kwa jina la maji ya betri. Soma chupa vizuri, maana asidi ya betri huuzwa rafu hiyo hiyo. Spiriti ya rangi ya zambarau usiitumie, wala ile ya hospitali yenye mafuta, kwani huacha utando mpya. Vaa glavu mbili za pamba, moja iloweshwe na nyingine ibaki kavu: mkono mbichi hufuta, mkavu hufuata mara moja. Tone lenye uchafu mzito lioshwe kwenye beseni la plastiki lililotandikwa taulo, maji vuguvugu ya nyuzi 30 hivi, matone mawili ya sabuni laini ya vyombo kwa lita. Osha moja moja. Ukiyarundika pamoja yatakwanguana, kwa sababu kristali ya risasi ni laini kuliko kioo cha dirisha.

Ukungu ukiwa mweupe, wa madoa ya mviringo, na unakwaruza kidogo ukiupitishia ukucha, ni chokaa ya maji magumu. Kuna mtu alioshea maji ya bomba au kisima na akaacha yajikaushe. Siki nyeupe iliyozimuliwa nusu kwa nusu, kwenye pamba, dakika moja tu, kisha suuza vizuri kwa maji yaliyokenekwa. Siki isiguse pini wala bronzi, na usiroweke tone humo usiku kucha: asidi huitoa risasi kwenye uso wa kristali.

Ukungu ukitoweka kioo kinapokuwa kibichi na kurudi kinapokauka, uso umeliwa. Maji yamejaza mashimo madogo kwa muda, basi. Mara nyingi chanzo ni mashine ya kuoshea vyombo au dawa kali za vigae. Hakuna sabuni ya kuurudisha. Karakana yenye magurudumu ya kusugulia kristali inaweza kuondoa tabaka jembamba, lakini kingo za michongo hupoteza ukali wake, kwa hiyo kwa tone la kawaida ni afadhali kulihamishia safu ya juu ndani.

Chanzo cha nne ndicho cha hatari. Kioo kinateleza kidoleni kama kina sabuni, pengine kina vitone vya unyevu siku ambayo kila kitu kingine ni kikavu, na karatasi ya litmasi nyekundu ikiguswa hapo inageuka buluu. Huo ni ugonjwa wa kioo. Mchanganyiko wa awali ulikuwa na magadi mengi na chokaa kidogo. Unyevu wa hewa unayavuta magadi kuja juu, yanavuta unyevu zaidi, na hatimaye uso unapata wavu wa nyufa nyembamba. Ndicho kilichomsumbua Ravenscroft, na huwapata zaidi wenye vioo visivyo na risasi vya kabla ya 1781. Hauponi. Unachoweza ni kusuuza kwa maji yaliyokenekwa, kukausha kwa kitambaa laini, na kukiweka mahali penye unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 45 usiopandapanda. Usikifunge kwenye mfuko wa nailoni. Na ikiwa nyufa zimeshaonekana, usikikaushe ghafla kwa vifuko vya silika, maana tabaka la juu litasinyaa na kubanduka. Mombasa, Dar es Salaam au Unguja, ambako unyevu hupita asilimia 70 siku nyingi za mwaka, kioo cha namna hii kisitundikwe ukumbi wa madirisha wazi.

Dawa ya kupuliza ya "thurea", ile ambayo matone hudondosha uchafu yenyewe, tusiipendekeze kwa kitu cha kale. Maji yake huingia kwenye holda na kwenye plasta, na kijani kwenye matundu pamoja na matawi kulegea, tutakavyoona chini, mara nyingi huanzia hapo.

Matone mengine yana rangi

Zambarau hafifu ni manganizi. Watengenezaji waliiongeza ili kufuta ukijani wa chuma, na miaka mingi ya jua imeigeuza. Si uchafu, acha kusugua. Njano inayofutika ni nikotini. Njano iliyo kwenye mstari mmoja ndani ya tone ni gundi ya epoksi iliyozeeka, yaani lilivunjika likaunganishwa, na halifai kubeba kingine chini yake.

Kijani, weusi au kutu kuzunguka matundu

Kijani kilicho kama nta ni shaba ya pini ikikutana na mafuta ya vidole na unyevu. Weusi ni salfaidi ya shaba na hauna haraka. Kutu nyekundu ndiyo ya kushughulikiwa leo: mtu aliwahi kutumia waya wa chuma, na kutu inapovimba ndani ya tundu husukuma kingo mpaka kioo kinachanika. Karibu na bahari, kwenye hewa ya chumvi, jambo hili huenda kwa kasi.

Usiivute pini iliyoshika kutu. Ikate pande zote mbili kwa plaizi ndogo ya kukatia, toa vipande, kisha safisha tundu kwa uzi wa pamba uliochovya kwenye alkoholi. Weka waya mpya wa shaba njano laini, unene wa milimita 0.7 hadi 0.9, ulingane na pini za jirani. Kitanzi kipindwe kwa plaizi ya midomo ya duara, mbali na kioo, na plaizi isikiegemee kamwe. Acha nafasi ya milimita moja hivi ili tone licheze. Pini iliyokazwa sana inaonekana nadhifu kwa wiki chache, halafu mlango ukibamizwa tu tundu linamegeka.

Amonia, iliyomo kwenye dawa nyingi za kusafishia vioo, huipasua shaba njano iliyopindwa. Pini hukatika bila dalili yoyote ya nje. Ukiona matone mawili matatu yameanguka mwezi mmoja na pini zimekatika pale zilipopinda, uliza nyumba hiyo inasafishia nini.

Tawi la kioo limelegea au limeinama

Matawi ya kioo huingia kwenye kikombe cha chuma, na kati yao hujazwa plasta ya Paris. Joto la balbu na maji ya kusafishia huifanya plasta iwe unga. Shika tawi karibu na kikombe, si nchani, na ulitikise kidogo sana. Likicheza ndani ya kikombe, tatizo ni plasta. Likicheza pamoja na kikombe chake, ni skrubu au bamba la katikati linaloshika matawi. Watu huzichanganya hizi mbili na kumwagia gundi mahali pasipohitaji chochote.

Kwa plasta: vua visahani vya nta (vile vya kukinga nta ya mishumaa) na matone yote ya tawi hilo, toa waya, kisha lifungue tawi pamoja na kikombe. Roweka sehemu ya kikombe tu kwenye maji vuguvugu, saa kadhaa, huku ukichokoa plasta kwa kijiti cha mwanzi. Usitumie bisibisi. Kausha. Linganisha pembe ya tawi na la upande wa pili, kwa kigezo cha kadibodi ulichokata kutokana na tawi zima. Koroga plasta iwe nzito kama mtindi, jaza, shikilia kwa plastisini na vibanio, na uache angalau saa 48 kabla ya kubebesha uzito. Plasta huvimba kidogo inapoganda, kwa hiyo isijazwe ndani ya tundu la kioo chenyewe kwa kushindilia, bali kuzunguka tu.

Kwa nini si epoksi? Kwa sababu fundi atakayekuja baadaye hataweza kulifungua tawi bila kulivunja. Epoksi angavu iliyotengenezwa kwa ajili ya kioo, kama Hxtal NYL-1 inayochukua takriban wiki nzima kukauka, ina nafasi yake kwenye kisahani kilichovunjika au pambo lisilobeba kitu. Tawi lililovunjika likaunganishwa lisirudi hewani likiwa na waya wa umeme na balbu. Gundi ya haraka ya dukani haifai popote kwenye kazi hii: huachia kwa unyevu na kuacha mstari mweupe.

Thurea imeegemea upande mmoja

Teremsha timazi kutoka kwenye kulabu la darini hadi pambo la chini kabisa ili ujue inakosea kwa kiasi gani. Kisha kagua kutoka juu: kulabu lililopinda, pete ya mnyororo iliyofunguka, halafu nguzo ya kati. Nguzo hiyo ni fito ya chuma inayopita ndani ya vipande vya kioo, na kati ya kipande na kipande huwa na kizibo cha ngozi au koki. Kikisinyaa, vioo vinagusana na chuma na utasikia mkwaruzo ukiitikisa. Badilisha kwa koki ya milimita 2, kaza nati kwa vidole, kisha robo mzunguko kwa spana. Zaidi ya hapo unapasua.

Nguzo ikiwa salama, geukia matawi. Mafundi wa Kifaransa waliweka alama kwenye kila tawi na kwenye nafasi yake katika bamba: vitone vya patasi, mikato ya tupa au namba za Kirumi. Kila tawi lilirekebishwa kwa mkono ili likae sawa kwenye nafasi yake moja. Safisha uchafu mahali hapo na ulinganishe. Thurea iliyohamishwa nyumba mara mbili tatu kwa kawaida ina jozi moja angalau iliyobadilishana, na kuirudisha huondoa mwinamo bila kupinda chochote.

Taa zinacheza, zinawaka hafifu zikiwa zimezimwa, au chuma kinapiga shoti

Shoti kwanza: zima na usiwashe tena. Nyaya za zamani zilifunikwa mpira na kitambaa. Mpira unakauka na kubomoka, hasa pale waya unapotokea kwenye tundu lenye kingo kali. Nyingi zilipitishwa wakati sehemu kubwa ya Ufaransa ilitumia volti 110 hivi, na hapa kwetu zinapewa 230 hadi 240. Toa balbu zote, kisha fundi umeme apime ganda la nyaya kwa mega ya volti 500. Chini ya megaohmu 1, nyaya zote zitoke.

Funga uzi imara kwenye waya wa zamani na uuvute ili uzi ubaki ndani ya tawi, halafu uutumie kuvuta waya mpya wa nyuzi nyingi wenye ganda la silikoni au PTFE (plastiki inayostahimili joto), milimita za mraba 0.5 au 0.75. Weka kipira laini kwenye kila tundu la kutokea. Waya wa ethi ni lazima, na usidhani bronzi nzima imeungana na umeme kwa sababu inagusana: vanishi na kutu ya kijani hukata njia. Pima kutoka kwenye ethi hadi kila kikombe. Isizidi ohmu 0.5. Kwenye matawi ya kioo, kikombe cha nchani hakina njia yoyote ya kuifikia ethi, kwa hiyo tumia holda za plastiki zilizofunikwa kabisa.

Taa moja ikicheza, ulimi wa katikati ya holda ya E14 (ya skrubu) umelala, au springi za B22 (ya kubonyeza na kuzungusha) zimechoka. Zote zikicheza, angalia dima (swichi ya kupunguza mwanga). Dima nyingi za zamani zinahitaji mzigo wa wati 40 au 60 kwenda juu, na balbu 8 za LED za wati 4 zinafika 32 tu. Weka dima iliyotengenezwa kwa LED. Mng'ao hafifu baada ya kuzima hutokana na swichi yenye kitaa kidogo ndani, au, vibaya zaidi, swichi iliyokata nyutro na kuacha laivu ikiwa hai kwenye thurea. Hilo la pili ni la kurekebishwa siku hiyo hiyo.

LED ina faida nyingine. Balbu 24 za wati 40 ni wati 960 za joto juu ya plasta na visahani. Za LED ni 96.

Bronzi ya dhahabu imefifia au ina madoa

Bronzi nyingi za kabla ya miaka ya 1840 zilipakwa dhahabu kwa zebaki. Christofle alinunua haki za kupaka kwa umeme nchini Ufaransa mwaka 1842, na tabaka la umeme mara nyingi ni jembamba zaidi. Kwa vyovyote vile, Brasso, ndimu, ukwaju na majivu vikae mbali. Vinang'arisha sinia la shaba kwa sababu vinakula uso wake, na hapa uso ndio dhahabu. Tumia kijiti cha pamba chenye maji yaliyokenekwa na sabuni laini kidogo, sehemu ndogo ndogo, ukisuuza na kukausha mara moja. Ukiona wekundu wa shaba kwenye vilele vya mapambo, dhahabu imeshaisha hapo, acha. Usipige msasa wala kuchoma kwa moto bronzi iliyopakwa kwa zebaki, mabaki yake yana sumu.

Kulabu na dari

Pima uzito wa thurea nzima, usikisie. Kristali ya risasi ni nzito kuliko kioo cha kawaida kwa takriban robo. Viwango vya kimataifa vya taa, IEC 60598, vinataka kishikio kibebe mara nne ya uzito kwa saa moja. Thurea ya kilo 40 ijaribiwe kwa kilo 160, kwa mifuko ya saruji ikibidi. Dari la jipsamu halibebi kitu. Kulabu lifike kwenye zege kwa boliti za kujitanua, au kwenye boriti.

Matone yamepungua

Pima urefu, upana, unene, umbali kati ya matundu na kipenyo chake, msongamano, na piga picha juu ya kitambaa cheusi. Bila msongamano utaletewa kioo cha kawaida chenye umbo lile lile, na taa ikiwaka kitaonekana kimepooza. Wakati unasubiri, chukua matone ya safu ya juu ndani, ukitoa kwa ulinganifu pande zote ili uzito usiegemee, na uyashushe kwenye safu inayoonekana. Mapya yaende juu, na pini zake zipindwe ncha mara mbili, ili atakayeivua tena ayatambue bila kuyapima.